Maneno ya Kazini

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya Kiingereza cha kazini, na jinsi sisi ambao hatukuzaliwa nacho tuwezavyo kuyaongeza maneno yake na kuyatumia mahali pake. Tumekubali kwa moyo mweupe, ingawa twajua ya kwamba wamo humu ndani waliotutangulia katika kazi za ofisi, na ya kwamba mzee mmoja au wawili walioketi hapo mbele walikuwa wakiandika barua za forodha kabla sisi hatujazaliwa. Tukikosea watusahihishe.

Hatukuja kuitukuza lugha ya wageni juu ya lugha yetu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yasema ya kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Hilo latutosha. Lakini mwanachama akiletewa karatasi ya ajira, au ya benki, au ya bima, aghalabu karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na sahihi itakiwayo chini yake ni ya mwanachama mwenyewe. Basi shauri letu leo ni shauri la mkate.

Mwaka juzi ndugu yetu mmoja, mtunza bohari aliyekuwa ametimiza miaka 11 katika kazi moja, alipewa barua na mwajiri wake. Jina lake hatutalitaja, na jina la mwajiri hatutalitaja vilevile. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuisimulia habari hii. Mzigo fulani ulikuwa umepungua katika hesabu, na barua ilisema hivi: "You are hereby required to show cause why disciplinary action should not be taken against you." Ndugu yetu alimaliza darasa la nane, na Kiingereza cha kusoma anacho. Aliisoma polepole, na jicho lake likashika maneno ya mwisho, akayafasiri moja baada ya moja: hatua za nidhamu zisichukuliwe dhidi yako. Akamshukuru Mungu. Akaikunja barua, akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo, akarudi kazini.

Wazee wetu waliokaa ofisini wamekwisha kufahamu. Barua ile ilimtaka atoe sababu za kuwazuia wasimchukulie hatua, na muda wa kujibu ulikuwa saa 48. Siku ya tatu kimya chake kilihesabiwa kuwa ni kukiri. Aliitwa mbele ya watu watatu, akaulizwa kwa Kiingereza kama ana neno la kuongeza. Yeye alidhani wamuuliza kama ana malalamiko, akajibu kwa adabu, "No, sir." Mwisho wa mwezi akaachishwa kazi.

Sasa sikilizeni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ya kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mwenendo mbaya, mwajiri sharti amweleze sababu hiyo katika lugha ambayo mfanyakazi yule aifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama cha wafanyakazi amchaguaye mwenyewe, akiwapo wakati wa maelezo hayo. Ndugu yetu aliketi peke yake. Alipotujia na karatasi zake ilikuwa mwezi wa tano. Malalamiko kwa Afisa wa Kazi hupelekwa katika muda wa miezi 3, na muda huo ulikwisha pita. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi bado, maana huko muda ni miaka 3, lakini yeye alisema amechoka, na ya kwamba hana fedha za kupanda na kushuka ngazi za watu.

Tulimwuliza: Kwa nini, ndugu, hukuileta barua hii kwetu jioni ileile? Chumba cha Chama ki wazi kila jioni, na karani yupo.

Bwana Mwenyekiti, jibu alilotupa ndilo lililotufanya tukubali kusema leo. Alitukumbusha mkutano wa mwaka uliotangulia. Siku ile alisimama akasema kwa furaha ya kwamba benki inaridhika naye, maana imemwandikia ya kuwa salio lake ni "outstanding." Mkutano mzima ukacheka. Aliyeanza kucheka, na akaisimulia hadithi ile tena nje mlangoni kwa wale waliochelewa, ni sisi tunaosoma hotuba hii.

Wala hakuwa mjinga. Neno lile alilijua vizuri kuliko wengi wetu. Alilipata katika ripoti ya shule ya binti yake, ambamo mwalimu aliliandika kando ya alama za hesabu, na hapo maana yake ni kazi bora, iliyotokeza kuliko nyingine. Likiandikwa juu ya mkopo, neno hilohilo lina maana ya fedha zilizosalia bila kulipwa. Waingereza wenyewe ndio waliolitwika neno moja mizigo miwili. Ndugu yetu alibeba mmoja, na hakuna aliyemwonyesha wa pili. Tulimwonyesha meno.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba hatari ya Kiingereza cha kazini haimo sana katika maneno makubwa. Neno kubwa humtisha mtu, naye hulikimbilia kamusi. Linalomnasa ni neno dogo alijualo nusu. "Oversight" ni usimamizi. Lakini "an oversight" ni kosa la kupitiwa. "Sanction" huwa ni idhini, tena huwa ni adhabu. "Casual" ni nguo za kawaida zisizo za ofisini, na pia ni kibarua wa kutwa, na kati ya hayo mawili pana tofauti ya notisi na likizo. Na kwa walio katika mabohari twaomba mlikariri hili mpaka liingie mifupani: "inflammable." Shuleni tulifundishwa ya kwamba "in" mbele ya neno hukanusha, kama katika "incorrect" na "invisible". Katika neno hili haikanushi. Maana yake ni kitu kishikacho moto upesi. Ndiyo sababu siku hizi pipa nyingi huandikwa "flammable", ili mtu asije akawasha sigara kwa kuitegemea sarufi.

Kuna na mitego ambayo twaitega wenyewe, kwa kuleta Kiswahili chetu kizima ndani ya nyumba ya Kiingereza. Si aibu, ndiyo kawaida ya mtu mwenye lugha yake. Sisi husema "nimeazima" na "niazime", kitenzi ni kimoja. Waingereza wana viwili, "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa, na ukiwabadilisha katika daftari la vifaa, nyundo iliyo kwako itaonekana iko kwa mwenzio. Sisi kodi ya nyumba ni kodi, na kodi ya serikali ni kodi; wao hutenga "rent" na "tax", na fomu ya ofisi huuliza zote mbili katika kurasa mbalimbali. Sisi saa huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Binti wa mwanachama mmoja aliambiwa kwa simu afike kwa mahojiano "at eight". Akafasiri namba bila kuondoa 6, akafika saa nane mchana, amevaa vizuri, na vyeti vyake mkononi, akakuta mlango umefungwa.

Na kusikia! Sisi twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi, twasikia njaa. Mlinzi mmoja wa bohari la mafuta alimpigia simu usiku msimamizi wake, asiyejua Kiswahili, akamwambia, "I am hearing petrol." Yule bwana akamwuliza kwa mzaha mafuta yanasema nini. Mlinzi, kwa kuwa ni mtu wa heshima, akajaribu kufikiri jibu. Dakika ngapi zilipita katika mazungumzo hayo hatujui, na bomba lilikuwa linavuja wakati huo wote. Neno alilolihitaji lilikuwa "smell". Hapakuwa na moto usiku ule, tunashukuru.

La mwisho katika fungu hili ni "pole". Kwetu mwenzako akijikwaa wamwambia pole, ingawa jiwe hukuliweka wewe. Ukimkanyaga wamwambia samahani. Kwa Kiingereza chetu cha Kenya maneno haya mawili yote yamekuwa "sorry". Baina yetu hakuna ubaya. Lakini dereva akiandika katika taarifa ya ajali ya kwamba alimwendea mwenye gari lingine akamwambia "sorry", mtu wa mbali atakayeisoma taarifa ile aweza kudhani amekiri kosa. Afadhali aandike alilolifanya: nilimwendea, nikamwuliza kama ameumia.

Tusidhani ya kuwa lugha yetu ni mzigo tu katika safari hii. Mara nyingine ndiyo ngazi. Vijana wengi huchanganyikiwa na maneno yanayofanana kichwa yakitofautiana mkia: "employer" na "employee", "payer" na "payee", na huku kwetu bandarini "consignor" na "consignee". Sisi tuliomo katika kazi ya kuondosha shehena tumeona hati ikirudishwa kwa sababu majina hayo yamepandana, na meli haingoji, wala gharama ya ucheleweshaji haingoji. Lakini Mswahili yeyote ajua tofauti ya mwajiri na mwajiriwa, ya mdai na mdaiwa, ya mtuma na mtumiwa. Basi shika hivi: mwenye "ee" ndiye mwenye "wa". "Employee" ni mwajiriwa. "Payee" ni mlipwaji. "Consignee" ni mpelekewa shehena. Yako maneno machache yanayoiasi kanuni hii, kama "absentee", ambaye ni mtoro tu wala hakutoroshwa na mtu; lakini kanuni hufaa siku nyingi kuliko siku inazopotosha. Kijana mmoja alipotakiwa kuandika "referees" watatu katika maombi ya kazi alituuliza kama refa wa uwanja wa mtaani atakubaliwa. Tulimwambia arudi kwenye kanuni: ni mtu aulizwaye, atakayeulizwa habari zako. Na refa wa mpira jina lake lilitoka hukohuko, maana ndiye aliyekuwa akiulizwa wachezaji wakibishana.

Sasa, maneno haya yapatikane vipi na mtu afanyaye kazi mchana kutwa? Wengine hununua orodha ndefu wakazikariri. Sisi hatuoni faida kubwa. Mwingereza Michael West alitoa katika mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2000 yatumikayo zaidi katika Kiingereza, yaliyochaguliwa kwa kuhesabu maandishi, na mtu aliyemaliza sekondari anayo karibu yote. Upungufu wake si wa maneno hayo. Ni wa maneno ya kazi yake mwenyewe, na hayo yamo katika karatasi zinazopita mkononi mwake kila siku: hati ya mshahara, tangazo ukutani, fomu ya likizo, barua ya mteja. Aanze hapo. Mpishi aanze na maneno ya jikoni, mwuguzi na ya wodini, dereva na ya gereji na ya bima.

Awe na daftari ndogo ya kutia mfukoni. Akikutana na neno asiandike neno peke yake kama jina la maiti. Aandike sentensi nzima alimolikuta, kisha maana yake kwa Kiswahili chini, kisha sentensi nyingine aliyoitunga yeye. Lau ndugu yetu angalikuwa na "outstanding" ya shule na "outstanding" ya benki katika ukurasa mmoja, tusingalipata la kumcheka. Na asisome ukurasa mara kumi kwa usiku mmoja akaufunga. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa uvumilivu mwingi, akachapisha mwaka 1885 ya kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hutuponyoka katika saa za kwanza na siku ya kwanza, halafu kusahau hupunguza mwendo. Kwa hiyo rudia kesho, rudia baada ya siku 3, rudia baada ya juma. Ndani ya matatu mtu huweza.

Kamusi nayo iwe ya mwanafunzi, si ile nene ya wenye lugha yao. Kamusi za namna hiyo zilianzia mbali na Uingereza: A. S. Hornby alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, na ile yake ilichapwa Tokyo mwaka 1942, kabla ya kutolewa tena na Oxford mwaka 1948. Aliwaona wanafunzi wake wakijua maana ya neno na wasijue namna ya kulitumia, kama sisi tuandikapo "advices" na "equipments" na "informations", hali maneno hayo hayaongezwi "s", kama vile habari kwetu ni habari ikiwa moja au zikiwa mia. Simu zetu siku hizi zina kamusi na zina mitambo ya kufasiri. Tuzitumie, lakini mtambo ukikupa maana moja, uliza kama hakuna ya pili.

Hapa twataka kuungama jambo. Tulipoanza ukarani tulipenda maneno marefu. Hatukuanza kazi, tuli-"commence". Hatukusoma barua, tuli-"peruse". Mwaka mmoja tuliiandikia ofisi fulani kwa niaba ya Chama, tukiomba bomba la maji la mtaa litengenezwe. Barua ilikuwa kurasa 2, na katibu wa wakati ule aliisifu sana. Jibu lilikuja baada ya majuma 6, mstari mmoja, likiuliza ni nini tunachoomba. Baadaye tulikuta ya kwamba Waingereza walikuwa na ugonjwa uleule: serikali yao ilimwomba Sir Ernest Gowers awaandikie watumishi wake kitabu cha kuwafundisha kuandika maneno mepesi, nacho kikatoka mwaka 1948, *Plain Words*. Ikiwa wenye lugha walihitaji kufundishwa kuandika "begin" na "read", sisi twaona haya gani? Barua yetu ya pili ilikuwa na mistari 5. Bomba lilitengenezwa.

Maneno machache ya karatasi za ajira twayapitia upesi, maana yataandikwa ukutani katika chumba cha Chama. "In lieu of notice" ni badala ya notisi, yaani walipwa fedha za muda ule uondoke leo. "With effect from" ni kuanzia tarehe fulani. "Redundancy" si kosa lako; ni nafasi yako imeondolewa, na sheria inaagiza malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimizwa. Na "in full and final settlement" maana yake ni kwamba umelipwa yote na hutadai tena. Hilo usilitilie sahihi umesimama. Tena sheria ileile ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi asiyefahamu lugha ya mkataba wake lazima aelezwe na mwajiri katika lugha aifahamuyo. Kuomba kuelezwa si ukaidi.

Lakini kuomba kunahitaji ulimi uliofunguka, na hapa twarudi kwenye kicheko. Katika shule ya misheni tuliyosomea, mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya nyumbani alivikwa kipande cha ubao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Hatusemi shule ile haikutufaa. Kiingereza hiki tunachokula nacho kilitoka huko. Ila somo lililoingia ndani zaidi lilikuwa kunyamaza. Asiyesema havikwi ubao. Tulipokua tukaufanya ubao huo kwa kicheko, tukamvika mtunza bohari mbele ya watu mia.

Kwa hiyo Kamati imekubali mashauri yetu, nayo yataanza bila kungoja mwaka mpya. Kila Jumamosi, saa kumi alasiri, yaani "four o'clock", chumba cha Chama kitakuwa na kikao cha kusoma. Kila ajaye alete karatasi moja ya kazi yake, akifunika jina lake na la mwajiri kama apenda. Itasomwa kwa sauti, itafasiriwa, na maneno yake yataandikwa katika daftari. Kina mama wa sokoni na wafanyao kazi za nyumbani wanakaribishwa sawasawa na makarani. Wazee waliokuwa ofisini twawaomba wakae mezani zamu kwa zamu, maana maarifa yao ya barua hatuyapati kwenye simu. Barua yenye muda wa kujibiwa haitangoja Jumamosi. Iletwe usiku huohuo, hata nyumbani kwetu. Atakayemcheka mwenziwe atalipa shilingi 50 katika sanduku la misiba, na karani amekwisha kulipa zake za mwaka ule.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi ijayo. Ndugu yetu mtunza bohari, ambaye sasa ni mlinzi wa usiku, amebadilishana zamu na mwenziwe ili aweze kuja. Ataileta ile barua, na amesema ataisoma mwenyewe.